Kukopa kwa Shamba Siyo Kuuza Shamba

Katika sehemu za Moiben, kaskazini-mashariki ya Eldoret, mkulima wa ngano na mahindi huhitaji fedha nyingi kwa mara moja kila mwaka, yaani kabla ya mvua ya Machi kushika. Trekta lataka mafuta, mbegu na mbolea zataka kununuliwa, na mavuno yangali mbali. Ndipo mwenye shamba humwendea jirani mwenye fedha. Karatasi huandikwa juu ya meza ya duka, mashahidi wawili hutia sahihi, na hati ya kumiliki shamba hutoka katika sanduku la mmoja ikaingia katika sanduku la mwingine. Baada ya miaka michache watu hao hao hukutana tena mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Eldoret, mmoja akisema, "Nilikopa," na mwenziwe akisema, "Nilinunua." Karatasi isomwapo haionyeshi waziwazi ni lipi kati ya hayo mawili.

Mashauri ya namna hii ni mengi, na mara nyingi hakuna mwizi ndani yake. Kuna watu wawili waliopatana kwa nia njema, wakaandika maneno machache, na kila mmoja akaenda zake na maana yake moyoni.

Wazee wa nchi hiyo hawakuwa wageni wa mapatano ya mali. Wanandi na Wakipsigis tangu zamani walikuwa na desturi ya kuweka ng'ombe kwa rafiki, ambayo Wakipsigis waliiita kimanagan. Aliyewekewa ng'ombe alikunywa maziwa, lakini ng'ombe mwenyewe na ndama wake walibaki kuwa mali ya mwenyewe hata miaka ikipita mingi. Majirani walijua ng'ombe yupi ni wa nani. Desturi hiyo iliweza kudumu bila karatasi kwa sababu ng'ombe ana rangi na alama, naye aweza kuswagwa kurudi kwao. Shamba haliswagwi. Aliyeko juu yake ndiye anayeonekana kuwa mwenyewe, na kwa hiyo katika kila nchi iliyozoea kununua na kuweka rehani ardhi, watu walilazimika kutafuta njia ya kuonyesha kama aliyeingia shambani ameingia kwa kununua au kwa kudai deni.

Uingereza ya zamani ni mfano mzuri, kwa maana Waingereza walisumbuka na jambo hili kwa muda wa karne nyingi. Hapo kwanza, kuuza shamba kulikuwa tendo la mikono. Muuzaji alisimama juu ya ardhi yenyewe pamoja na mashahidi, akachimbua donge la udongo au akakata kijiti cha mti, akampa mnunuzi mkononi. Lakini mashahidi hufa. Basi watu wenye busara wakaanza kupeleka mauzo yao katika mahakama ya mfalme. Walifanya kana kwamba wanashtakiana, kisha wakapatana mbele ya majaji, na mapatano yale karani akayaandika mara tatu juu ya ngozi moja: mara mbili ubavu kwa ubavu na mara ya tatu chini yake. Ngozi ilikatwa kwa mstari wa kupindapinda, ili yeyote atakayeleta kipande cha uongo ajulikane kwa kuwa hakitaingiana na vingine. Vipande viwili vilichukuliwa na pande mbili. Na tangu mwaka 1195 kile cha tatu, cha chini, kiliwekwa katika hazina ya mfalme. Desturi hiyo iliendelea mpaka miaka ya 1830, na vipande vingi vya hazina vingali vimehifadhiwa London hata leo. Muuzaji na mnunuzi waliweza kupoteza vyao, kuvichoma au kuvibadilisha. Kile cha Serikali hawakuweza kukigusa.

Kwa madeni nako palikuwa na daftari. Sheria ya mwaka 1285 ilimruhusu mdaiwa kukiri deni lake mbele ya meya wa mji na karani wa mfalme. Siku ya kulipa ikipita bila malipo, mdaiwa aliweza kufungwa, na ardhi yake ikapewa mdai aishike na kula mazao yake mpaka deni litimie. Neno la kuangaliwa hapa ni "mpaka". Mdai hakupewa ardhi iwe yake milele. Alipewa aishike, kisha airudishe. Madeni mengine yaliandikwa katika madaftari ya mfalme mwenyewe, na yalipolipwa karani alipiga mstari juu ya maandishi, hivi kwamba hata leo asomaye aweza kujua ni deni lipi lililolipwa.

Hata hivyo watu wenye fedha hawakuridhika. Walibuni mapatano mengine, makali kupita hayo: mkopaji alimwandikia mkopeshaji hati ya kuuza kabisa, ikiwa na sharti kwamba akilipa siku fulani, mauzo yatavunjika. Akichelewa hata siku moja, shamba lilikwenda, ingawa thamani yake ilikuwa mara tatu ya deni. Mahakama zilisoma hati kama ilivyoandikwa, na hati ilisema "ameuza". Haikuwa mpaka karne ya 17 ambapo mahakama ya Chansela ilishika imara kanuni kwamba mkopaji aliyechelewa bado ana haki ya kulipa na kulikomboa shamba lake.

Hapa Afrika ya Mashariki pia mapatano ya jinsi hiyo yalijulikana. Katika Zanzibar na mwambao yaliitwa bei khiyari. Mwenye shamba la mikarafuu au minazi alimwuzia tajiri shamba lake, kwa sharti kwamba akirudisha fedha katika muda uliowekwa, shamba litamrudia. Kwa kuwa riba ni haramu katika Uislamu, mwenye shamba aliendelea kukaa humo akilipa kodi, na kodi hiyo ndiyo iliyokuwa faida ya tajiri. Mashamba mengi ya karafuu yaliingia katika madeni kwa njia hiyo, hata mwaka 1934 Serikali ya Zanzibar ikatunga sheria ya kuzuia ardhi isihamie ovyo mikononi mwa wadai.

Tukirudi Uasin Gishu, historia ya mashamba yake tangu yalipopimwa ni historia ya mikopo. Serikali ya kikoloni iliitoa nchi hii, iliyokuwa malisho ya Wanandi na ya Wamasai kabla yao, ikawapa walowezi, miongoni mwao Makaburu waliofika kwa magari ya ng'ombe mwaka 1908. Sheria ya mwaka 1902 ilitoa mashamba kwa miaka 99. Ile ya 1915 ikaongeza mpaka miaka 999. Mlowezi aliyekuwa na karatasi ya miaka 999 aliweza kuiweka rehani benki, na tangu mwaka 1931 palikuwa na Benki ya Ardhi na Kilimo iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya kuwakopesha. Walowezi walipoanza kuondoka, Waafrika walionunua mashamba yao katika miaka ya 1960 walinunua wengi wao kwa deni vile vile. Wengine walipewa mashamba ya makazi na mikopo ya Wadhamini wa Mfuko wa Makazi, wengine walikopa katika Shirika la Fedha za Kilimo, ambalo wakulima hulijua kwa herufi A.F.C., na wengine walichanga fedha kwa vikundi, wakagawana ekari. Kwa hiyo ziko jamaa nyingi ambazo hati yao ya kwanza ya shamba ilitolewa ikiwa na rehani tayari.

Sheria ya leo yasemaje? Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema wazi kwamba rehani ni dhamana tu, wala haimhamishii mkopeshaji umiliki wa shamba. Yakataza pia mkopeshaji asijitwalie shamba liwe lake kwa sababu tu deni halikulipwa. Aweza kuliuza ili apate fedha zake, lakini kwa taratibu. Mdaiwa akishindwa kulipa kwa mwezi mmoja, apewe taarifa ya maandishi yenye kutaja kiasi anachodaiwa, na muda usiopungua miezi mitatu wa kulipa. Ukipita muda huo, mkopeshaji hutoa taarifa nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Shamba hupimwa thamani. Na likiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, huchukuliwa kwamba muuzaji hakutimiza wajibu wake mpaka athibitishe kinyume. Mpaka nyundo ya mnada ilipopigwa, mdaiwa aweza kulipa na kulikomboa.

Itaulizwa: je, ile hati iliyowekwa katika sanduku la jirani? Sheria yatambua kwamba kumwachia mtu hati ya shamba kwa ajili ya deni ni dhamana ya namna fulani. Lakini mwenye kuishika hawezi kuingia shambani wala kuuza bila amri ya mahakama. Na ikiwa nyumba ya jamaa imo katika shamba hilo, rehani haina nguvu pasipo sahihi ya mke au mume. Wako wanaume ambao huliona sharti hili kuwa ni kuwaingilia nyumbani mwao. Wangewauliza wale waliorudi nyumbani jioni wakakuta dalali mlangoni, pengine wangefikiri vingine.

Kuuza ni jambo jingine, na hapo ndipo wanunuzi wa Moiben huumia zaidi kuliko wauzaji. Mapatano ya kuuza ardhi lazima yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na sahihi zishuhudiwe. Lakini hayo, yakiandikwa hata na wakili hodari, si shamba bado. Kwa mujibu wa Sheria ya Kudhibiti Ardhi ya mwaka 1967, shamba la kilimo katika eneo linalodhibitiwa haliwezi kuuzwa, kukodishwa, kugawanywa wala kuwekwa rehani bila kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Ombi hupelekwa kabla ya miezi sita kwisha tangu siku ya mapatano, ingawa mahakama yaweza kuongeza muda kwa sababu nzuri. Bodi hutazama kama mnunuzi ataweza kulima vema, kama bei imezidi mno, na kama kukata vipande kutaharibu kilimo. Jambo la mwisho hili ni zito katika nchi ya ngano, ambako mashine ya kuvunia yahitaji nafasi ya kugeukia.

Kibali kisipopatikana, mapatano ni batili. Neno "batili" lina maana kwamba mnunuzi hana shamba. Ana deni tu, yaani aweza kudai fedha alizotoa. Fikirini hasara yake. Aliyelipa shilingi 300,000 kwa ekari moja, akajenga nyumba na kupanda miti, akaambiwa baada ya miaka 15 arudishiwe shilingi 300,000, atanunua nini kwa fedha hizo siku hiyo? Muuzaji, au watoto wake baada ya kufa kwake, hupata ardhi iliyopanda bei pamoja na miti juu yake.

Kwa sababu ya uchungu huo majaji walihitilafiana. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu mbili zilizopingana, moja ikimlinda mnunuzi wa namna hiyo, na nyingine ikisema sheria ni sheria. Mwaka 2018 mahakama hiyo, ikikaa Eldoret, iliamua kwamba kukosa kibali hakuizuii mahakama kutenda haki: ikiwa muuzaji alipokea fedha na kumwingiza mnunuzi shambani, aweza kuhesabiwa kuwa analishika shamba hilo kwa amana ya mnunuzi. Uamuzi huo umewapumzisha wengi. Lakini mwenye kuutegemea ni lazima ashtaki, alete mashahidi, alipe wakili na kungoja. Naye aliyepata kibali katika mwezi wa pili hana haja ya hayo.

Baada ya kibali hutiwa sahihi hati ya kuhamisha, hulipwa ushuru wa stampu, ambao kwa ardhi ya mashambani ni asilimia 2 ya thamani, kisha Msajili wa Ardhi huliandika jina jipya katika daftari. Daftari hilo ndilo kipande cha tatu cha ngozi. Yeyote aweza kuomba lipekuliwe kwa ada ndogo, naye ataona jina la mwenye shamba, ukubwa wake, na kama liko rehani au limewekewa zuio. Ni ajabu kwamba mtu atakayemkagua ng'ombe meno na kwato kabla ya kutoa fedha hutoa akiba ya maisha yake kwa shamba ambalo hakulipekulia daftari.

Kwa aliyekopa tu, wala hakuuza, karatasi yake na iseme hivyo: kwamba fedha ni mkopo, ni kiasi gani, zitalipwa lini, na kwamba shamba ni dhamana. Neno "nimeuza" lisionekane humo hata kama mkopeshaji adai ni maneno tu ya kumtuliza moyo.

Limebaki jambo moja ambalo husahauliwa hata na walipaji wazuri. Deni likiisha kulipwa, rehani haijifuti yenyewe katika daftari. Mkopeshaji lazima atie sahihi hati ya kuondoa rehani, nayo ipelekwe kwa Msajili na kuandikishwa. Wako wakulima waliomaliza kulipa mikopo ya makazi ya baba zao, wakaiweka risiti ya mwisho kabatini, wakastarehe. Siku watoto walipotaka kugawana shamba, walikuta bado limeandikwa kuwa dhamana ya Wadhamini wa Mfuko wa Makazi, wakaanza kuitafuta risiti.