Aliandika "barua", kompyuta ikanyamaza

Mama mmoja aliyejiunga na darasa letu la jioni la kompyuta alikuja na haja moja tu: kuandika barua ya kuomba abadilishiwe kizimba sokoni, kwa kuwa alichopewa kilikuwa kinavuja. Nilimwashia mashine, nikamwonyesha kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya skrini, nikamwambia, "Andika hapo unachotaka, mama, kitakuja chenyewe." Kisha nikageukia mwanafunzi mwingine.

Niliporudi nilimkuta ametulia, mikono ameiweka mapajani. Ndani ya kisanduku alikuwa ameandika neno moja, bila kosa la herufi: barua. Chini yake kompyuta ilikuwa imemjibu kwa Kiingereza kwamba hakuna kilichopatikana.

"Mwalimu, mashine hii haina barua," akaniambia.

Programu ya kuandikia ilikuwemo, nzima, na alama yake ilikuwa umbali wa kubofya mara mbili. Kosa lilikuwa langu. Nilimpa njia ya mtu anayejua jina la kitu, wakati yeye alichokijua ni shida yake.

Njia za kuifikia programu kwenye kompyuta ni mbili. Ya kwanza ni kuperuzi: unafungua menyu, macho yanapita juu ya majina na alama zilizopangwa, mpaka yanaposimama kwenye kitu kinachokufaa. Ya pili ni kutafuta: unachapa herufi mbili tatu, kompyuta inakuletea kinacholingana nazo. Kuperuzi ni kama kwenda kwenye mitumba. Unafunua, unainua, unarudisha, na mara nyingi unarudi nyumbani na koti ambalo hukulifuata. Kutafuta ni kusimama mbele ya kaunta ya duka la spea. Mali yote iko nyuma ya muuzaji, kwenye rafu usizoziona, naye anangoja utaje jina. Ukilijua, unahudumiwa mara moja. Usipolijua, fundi wako atakushauri ukibebe kile kifaa kibovu ukamwonyeshe. Kisanduku cha kutafutia hakipokei kifaa kibovu kilichofungwa kwenye gazeti. Kinapokea jina tu.

Wanasaikolojia hutenganisha kukumbuka na kutambua. Kulitoa jina la mtu kichwani ni kazi; kuiona sura yake ukasema "huyu namjua" ni kazi nyepesi zaidi. Wabunifu wa Xerox Star, kompyuta iliyotoka mwaka 1981, waliijenga skrini yao juu ya tofauti hiyo. Walitaka mtumiaji aone kitu na kukionyesha kwa kipanya, badala ya kukariri amri na kuzichapa. Kwenye kompyuta za MS-DOS za miaka hiyo, ukitaka WordPerfect ulichapa wp, ukitaka Lotus ulichapa 123, na asiyeambiwa hivyo alibaki anaitazama skrini nyeusi. Kisanduku cha kutafutia cha leo ni mtoto wa skrini ile. Ana huruma zaidi, maana anasamehe jina lisilokamilika, lakini bado anakutaka uanze wewe.

Kuperuzi nako kuna aibu zake, na sitaki kuzificha. Windows 95 ilipotoka Agosti 1995 ilileta kitufe cha Start, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Katika Windows 3.1 programu zilikaa ndani ya vidirisha, na kidirisha kimoja kikikifunika kingine, mtumiaji mpya aliamini kwamba programu yake imepotea. Kitufe kimoja, mahali pamoja, chenye neno linalomwambia mtu aanzie hapo, kiliwatoa watu wengi gizani. Ila tatizo likahamia ndani ya menyu. Kila kampuni iliyosakinisha programu yake ilijitengenezea folda yenye jina la kampuni, na ndani yake ikaiweka programu, maelezo ya kusoma kwanza, na njia ya kuiondoa. Baada ya mwaka mmoja menyu ilikuwa imejaa majina ya watengenezaji. Sasa nani anayekwenda sokoni kutafuta mchele kwa kuuliza jina la mkulima?

Halafu kuna mkono. Menyu ndani ya menyu ndani ya menyu humtaka mtu akiongoze kipanya ndani ya njia nyembamba, na kikitoka nje kidogo tu, yote inafungika. Mwaka 1997 watafiti Johnny Accot na Shumin Zhai walionyesha kwa hesabu kwamba kadiri njia inavyokuwa ndefu na nyembamba, ndivyo muda wa kuipita unavyoongezeka. Mtu mzima aliyeshika kipanya kwa mara ya kwanza huthibitisha hesabu hiyo bila kuisoma.

Waliolitatua tatizo la mpangilio wa menyu vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni watu wa Linux. Walikubaliana kwamba kila programu ije na faili dogo la maandishi linalojieleza: jina lake, alama yake, na kundi lake kufuatana na kazi, kama ofisi, michoro, intaneti, michezo, au sauti na video. Menyu hujipanga yenyewe kutokana na mafaili hayo. Mtu asiyewahi kulisikia jina GIMP hulikuta chini ya michoro, na papo hapo anajua kwamba mashine yake inaweza kurekebisha picha.

Lakini upepo ulikuwa umeshageuka. Mwaka 2005 Apple walileta Spotlight, kisanduku chao cha kutafutia, ndani ya Mac OS X Tiger. Windows Vista, iliyowafikia wanunuzi wa kawaida Januari 2007, ikaweka kisanduku cha kutafutia ndani ya menyu ya Start yenyewe. Aprili 2011 GNOME 3, mojawapo ya sura za skrini za Linux, iliiondoa menyu ya makundi kwenye kona yake ya juu kushoto, ikaleta skrini nzima ambayo ukianza kuchapa tu inatafuta. Mwezi huohuo Ubuntu, nayo ya Linux, ikaja na sura yake, Unity, yenye mwelekeo kama huo. Windows 8 ya mwaka 2012 ilikwenda mbali zaidi: kitufe cha Start kikaondolewa, na kwenye skrini ya kuanzia ungeweza kutafuta kwa kuchapa moja kwa moja, ila hapakuwa na kisanduku cha kukudokeza kwamba unaweza. Kitufe kilirudi mwaka 2013, na menyu ikarudi na Windows 10 mwaka 2015. Apple nao, mwaka 2025, waliiondoa Launchpad, ukumbi wa alama waliouleta mwaka 2011, na orodha ya programu wakaiweka ndani ya Spotlight.

Sababu zao zinaeleweka. Programu zimekuwa nyingi, na anayechapa haraka hufika kabla aliyeshika kipanya hajafungua menyu. Mimi mwenyewe hutafuta mchana kutwa. Nikitaka kikokotoo nachapa herufi tatu, na mkono hauondoki kwenye kibodi. Lakini mimi majina ninayo kichwani, kama walivyonayo wanaobuni skrini hizi.

Kuna utafiti wa mwaka 1987 ambao ningependa kila mbunifu auweke mezani. George Furnas na wenzake wa Bell Communications Research, Marekani, waliwaomba watu wavipe vitu na kazi mbalimbali majina kwa maneno yao wenyewe. Ikaonekana kwamba uwezekano wa watu wawili kuchagua neno lilelile kwa kitu kilekile haukufika asilimia 20. Mbunifu akichagua neno moja analoliona la kawaida kabisa, watu wengi watakaokuja watakuwa na neno jingine midomoni. Dawa waliyopendekeza ni kukipa kila kitu majina mengi, mengi mno, ili mlango wowote atakaoubisha mtu ufunguke.

Na hao waliopimwa walikuwa wakisema Kiingereza, wakihudumiwa na Kiingereza. Tujitazame sisi. Barua ya Dar es Salaam ni mukanda ukifika Lubumbashi. Kompyuta yenyewe ni tarakilishi katika vitabu vya shule vya Kenya. Mwingine anasema kikokotoo, mwingine kalkuleta. Mmoja picha, mwingine foto. Juu ya wingi huo, programu ina jina la Kiingereza, na mara nyingi si hata neno la Kiingereza bali ubunifu wa kibiashara usioeleza kazi yake. Kwa hiyo Mswahili anayetafuta anavuka mito miwili: kwanza ahame kutoka lugha yake, kisha alikisie jina ambalo hata mwenye lugha ile hulikosa. Kuperuzi kunamwondolea mto wa pili, na alama nzuri humsaidia kuvuka wa kwanza. Menyu ya makundi humpa pia kitu ambacho kisanduku hakiwezi: habari ya asichokijua. Hakuna mtu anayetafuta kitu ambacho hajui kuwa kipo.

Ndiyo maana naona kuficha orodha nyuma ya kisanduku ni kumnyima mgeni haki yake. Mwenyeji hapotezi kitu orodha ikiwa wazi. Ofer Bergman na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2008, waliona kwamba hata watu wenye mashine zenye injini nzuri za kutafuta waliendelea kuyafikia mafaili yao kwa kupitia folda, na kutafuta wakakuacha kwa nyakati walizosahau walikoweka kitu. Mafaili si programu, lakini miguu inayotembea ni ileile.

Jioni ile, darasa lilipokwisha, nililifungua faili la maandishi la ile programu ya kuandikia, LibreOffice Writer. Ndani yake kuna mstari wa maneno ya msaada ambayo kisanduku huyasoma. Nikaona yamepangwa kwa Kiingereza: neno la maandishi, neno la barua, la faksi, hadi majina ya programu za washindani. Mtu fulani alikaa akafikiria mgeni atakayekuja na neno lake, akamfungulia mlango. Mwingereza akiandika barua kwa lugha yake, inakuja. Mama yetu alifanya jambo lilelile, akaambiwa hakuna.

Nikanakili faili hilo kwenye folda ya mtumiaji, nikaongeza kwenye mstari ule: barua, waraka, maombi, andika, risala, wasifu. Kila neno likafuatwa na nukta mkato, nikahifadhi. Haikuchukua hata dakika tano. Baadaye nikafanya vivyo hivyo kwa programu nyingine kumi na moja, na kabla ya kuweka maneno niliwauliza wanafunzi wenyewe wangeandika nini. Kwa ile ya kusikilizia muziki nilipata nyimbo, miziki, kaswida, taarabu na redio. Peke yangu nisingefikia hata nusu.

Kipindi kilichofuata mama alichapa b, a, r, na alama ikatokea. Aliandika barua yake aya tatu, akaisoma kwa sauti ya chini, akafuta "naomba kwa unyenyekevu" moja kati ya mbili. Wakati tunasubiri ichapishwe nilimfungulia orodha ya programu zote, nikamwachia kipanya. Alikuwa akiipitia taratibu, alama moja baada ya nyingine, akauliza, "Na hii ya kijani, yenye vyumba vyumba?"

Nikamwambia ni ya hesabu, kila chumba kinabeba namba au jina. Akaufungua mkoba, akatoa daftari la wanaochukua kwa mkopo, kurasa zake zimekunjika pembe. Tukaanza na safu ya majina.