Je, Wajua? Jicho Ndani ya Kompyuta ya Mwanafunzi

Je, wajua kwamba kompyuta ya shule inaweza kumtazama mwanafunzi huku naye akiitazama? Kazi hiyo hufanywa na programu ndogo inayokaa ndani ya kivinjari, mahali pa kufungulia kurasa za intaneti. Mtoto akifungua ukurasa, programu hupeleka anwani yake na picha ya kioo kwenye seva ya mbali, na kwenye kompyuta ya mwalimu vioo vya darasa zima hujipanga vidogo vidogo, kila kimoja na jina la mwenyewe. Mwalimu akiona mpira mahali pa hesabu, anaufunga ukurasa ule bila kuinuka kitini. Programu nyingine, kama Gaggle ya Marekani, husoma hata barua pepe na insha za watoto zikitafuta dalili za kujidhuru au vurugu, kisha huwatahadharisha maofisa wa shule.

Jicho hilo lina bei, na bei ndiyo inayopaswa kutangulia mjadala wowote wa kulileta huku kwetu. Wilaya ya shule ya Vancouver, katika jimbo la Washington, ililipa dola 328,036 kwa miaka 3 ya Gaggle. Ina wanafunzi kama 22,000, kwa hiyo kila mtoto aligharimu karibu dola 5 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi 12,000 za Tanzania. Sasa iweke hesabu hiyo mezani kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi Mwakitolyo, katika Wilaya ya Shinyanga. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: humo mna vitabu, chaki, ukarabati na mitihani. Kumchungulia mtoto kungegharimu zaidi kuliko ruzuku ya kumfundishia, na hapo kompyuta yenyewe, umeme na bando bado havijanunuliwa.

Tena kinachomtoa mtoto wa Mwakitolyo kwenye somo mara nyingi hakiko kwenye kioo. Kijiji kimezungukwa na machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, na mvuto wa fedha ya siku hiyohiyo ni mkubwa. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha uchunguzi kuhusu watoto katika machimbo madogo ya Tanzania, yakiwemo ya mikoa ya Shinyanga na Geita. Lilikuta watoto wakishuka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, wakibeba na kuponda mawe, wakichanganya zebaki kwa mikono mitupu. Programu ya kuchungulia humwona tu aliyeketi mbele ya mashine. Aliyeko machimboni huonekana katika kifaa cha zamani zaidi, daftari la mahudhurio, pale nafasi ya jina lake inapobaki bila alama ya kuhudhuria Jumatatu, Jumanne, hata Ijumaa, na kuonekana huko kunafaa tu ikiwa kuna mtu mwenye nauli ya bodaboda ya kumfuata nyumbani.

Atakayesema kwamba siku za shule bila kompyuta zinapita, kwamba walimu wamekwisha kupewa vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya 2022 na maabara za kompyuta zinafunguliwa, anasema kweli. Mwalimu mmoja hawezi kuona vioo arobaini kwa macho yake. Lakini tatizo hilo lina dawa isiyo na ankara. Pangeni meza kuuzunguka ukuta, vioo vitazame katikati ya chumba. Mwalimu akisimama pale kati anaona karibu vyote kwa kugeuka tu. Asiporidhika, ipo Veyon, programu huria ya bure, inayomwonyesha vioo vya wanafunzi na kumwezesha kuvifunga kupitia mtandao wa ndani ya chumba, bila intaneti.

Pingamizi zito ni la usalama. Marekani wapo watoto waliowahiwa kwa sababu mashine iliona walichoandika, na uhai wa mtoto haupimwi kwa ruzuku. Nalikubali hilo. Ila kumbukumbu zinazokusanywa kumlinda mtoto zinaweza kumvua nguo hadharani. Wilaya ileile ya Vancouver iliwahi kuwapa waandishi wa habari, kwa makosa, karibu nyaraka 3,500 za wanafunzi zikiwa hazijafichwa majina. Kule Lower Merion, Pennsylvania, kamera za kompyuta za shule zilipiga picha za wanafunzi wakiwa majumbani mwao, na mwaka 2010 wilaya ikakubali kulipa dola 610,000 kumaliza kesi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Shule inayokusanya maandishi ya siri ya watoto inabeba dhima ya kuyalinda, hata ikiwa haina kabati lenye kufuli.

Na kuna lugha. Programu hizi zimelelewa hasa kwa Kiingereza, ilhali mtoto wa Mwakitolyo akiwa na uchungu atauandika kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kisukuma, au hatauandika kabisa. Hata tahadhari ikifika, lazima impate mtu mzima wa kuipokea: mwalimu wa ushauri nasaha aliyefundishwa kazi hiyo, mwenye chumba cha faragha, mwenye vipindi vichache vya kutosha kumruhusu kukaa na mtoto mmoja saa nzima na kumsikiliza kwa lugha ya kwao. Fedha ikipatikana, huyo ndiye wa kulipiwa kwanza.