Akiba Haiozi, Lakini Pointi Huoza

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Lakini wahenga hawakupata kulala hotelini kwa pointi.

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi ajua kuwa malazi ya katikati ya jiji ndiyo yamalizayo mfuko. Ndipo hoteli kubwa zikamtegea kwa utamu: kila alipapo huandikiwa pointi, na pointi zikitimia hulala usiku mmoja bure.

Katikati ya Nairobi zilikuwako mbili mashuhuri za namna hiyo, Hilton na InterContinental, zote zilizofunguliwa mwaka 1969. InterContinental ilifunga milango mwaka 2020. Hilton, yenye mnara wa mviringo, ikafuata mwishoni mwa 2022. Pointi za wateja hazikufutwa, kwani hutumika katika hoteli za kampuni hizo ulimwenguni. Lakini aliyeziweka akitazamia kulala hatua chache kutoka Msikiti wa Jamia, ilimbidi azipeleke kwingine.

Basi, ndugu msomaji, piga hesabu kwanza. Linganisha bei ya chumba kwa fedha taslimu na pointi utakazotozwa. Usilale usiku usiouhitaji kwa tamaa ya pointi. Ukizipata, zitumie mapema, kwani kampuni nyingi humfutia mteja asiyeonekana kwa mwaka mmoja au miwili.

Na azichumaye kwa kadi ya mkopo ajihadhari zaidi: deni likichelewa huzaa riba, na hapo usiku wa bure huwa ghali duniani na akhera.