Dawa ya Mba kwa Kichwa Kisicho na Mba

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa parokia yetu alinisimamisha nje ya kanisa. Kwa mkono wa kuume alimshika mwanawe wa miaka saba, aliyevaa kofia ya sufu iliyovutwa hata masikioni, ijapokuwa jua lilikuwa kali. Kwa mkono wa kushoto alichukua kikapu, na ndani yake mlikuwa na chupa kubwa ya shampuu.

“Mwalimu,” akasema, “wewe uliyesoma Kifaransa, nisomee maandiko haya madogo ya nyuma. Nataka kujua kama dawa hii ina nguvu ya kutosha.”

Nikasoma. Ilikuwa shampuu ya kuondoa mba, yaani yale magamba meupe ya kichwani ambayo mijini tumezoea kuyaita kwa Kifaransa pellicules. Nikamwuliza: “Mama, ni nani nyumbani mwenye mba?”

“Ni baba yao peke yake, na yeye imemfaa sana. Ndipo nikawaza: kinga ni bora kuliko tiba. Tangu miezi mitatu twaitumia sote, kila tuogapo. Lakini nywele za binti yangu mkubwa zakatika, na huyu mdogo ajikuna kupita mwanzo. Labda dawa ni hafifu. Je, nitafute iliyo kali zaidi?”

Wasomaji wapenzi, tusimcheke mama huyu. Hakufanya kwa uzembe bali kwa upendo, tena si yeye peke yake. Nyumbani kwangu mwenyewe chupa ya namna hiyo ilisimama muda mrefu karibu na beseni, na kila aliyefika akajimiminia. Ina povu kama sabuni, yanukia kama sabuni, na sokoni imepangwa juu ya meza moja na sabuni. Basi nani angefikiri kwamba ni dawa? Hakuna mama awapaye watoto wote kwinini kwa sababu mmoja wao ana malaria. Lakini dawa iliyofichwa ndani ya povu haituogopeshi.

Kwanza tujue mba hutoka wapi. Wengi hudhani hutoka katika uchafu, na kwa hiyo mwenye mba huona haya kuvaa koti jeusi mbele ya wenzake. Sivyo. Juu ya ngozi ya kichwa cha kila mtu mzima, awe safi namna gani, huishi kuvu ndogo sana isiyoonekana kwa macho, ya jamii moja na chachu. Mwaka 1874 Mfaransa Louis-Charles Malassez aliichunguza, na baadaye wataalamu wakaiita Malassezia kwa kumkumbuka. Kuvu hii haiwezi kujitengenezea mafuta inayoyahitaji, bali hula mafuta yatokayo katika ngozi yetu. Ikiisha kuyavunjavunja, huacha asidi ambayo haiwadhuru watu wengine hata kidogo, lakini ngozi ya wengine huchokozwa nayo. Ngozi iliyochokozwa hufanya kazi kwa haraka kupita desturi yake: chembe zake huzaliwa na kufa upesi, hushikamana kwa mafuta, kisha hubanduka. Ndiyo mba. Haiambukizi, wala si aibu.

Zamani waliipigania kwa lami ya makaa ya mawe na kwa salfa. Mwaka 1951 ilitoka Marekani shampuu ya sulfidi ya seleni; mwaka 1961 kampuni ya Procter & Gamble ikaanza kuuza huko shampuu ya Head & Shoulders, yenye zinki pirithioni. Kisha mwaka 1976, katika maabara ya daktari Paul Janssen kule Beerse, Ubelgiji, ikapatikana ketokonazoli, ambayo leo huuzwa katika maduka mengi ya dawa. Hizi tatu hupunguza ile kuvu. Lami na asidi ya salisili zina njia nyingine: lami huipunguzia ngozi mwendo wake wa haraka, na asidi hiyo hulegeza magamba yapate kutoka.

Sasa mwenye kichwa kizima akioga kwa dawa hizi, apata nini? Kwa kweli hapati kitu. Kuvu yake, ambayo haikuwa ikimdhuru, itapungua kwa siku chache. Akiacha dawa, itarudi mahali pake kama ilivyokuwa. Hajazuia ugonjwa, maana hakuwa na ngozi ya kuchokozwa. Lakini nisiwatie hofu bure: si sumu. Mgeni aliyelala kwa rafiki yake akaoga mara moja kwa shampuu ya mba, na alale kwa amani.

Neno ni kwa yule aitumiaye daima. Nyingi za shampuu hizi hukausha, na nywele zetu sisi Waafrika zina ukavu wa asili yake. Unywele ulionyoka ni kama njia iliyonyoka: mafuta ya ngozi huteremka hata ncha yake bila shida. Unywele wetu wajisokota, na mafuta hukwama karibu na shina, ncha zikabaki kavu. Ndiyo sababu chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani huwashauri watu weusi wenye mba waioshe kwa dawa mara moja tu kwa juma, hali huwaruhusu wengine mara mbili. Ikiwa mgonjwa mwenyewe ashauriwa mara moja, yule asiye mgonjwa aoshaye mara tatu au nne atafuta nini?

Binti wa mama yule alikuwa amenyoosha nywele zake kwa dawa ya saluni. Nywele zilizopita katika dawa kali ya namna hiyo zimekwisha kudhoofika. Ukiziongezea ukavu kila mara, hukatika katika kitana. Mama alifikiri ni mba iliyoingia kwa binti. Ilikuwa chupa.

Tena, si kila cheupe kinachoanguka begani ni mba. Kwetu Katanga, miezi ya kiangazi ikifika, hewa hukauka, upepo hupeperusha vumbi jekundu, na ngozi ya miguu na mikono hupauka. Ngozi ya kichwa nayo ni ngozi. Hutoa ungaunga mweupe, mdogo, mkavu. Mba iliyo mba kweli ina magamba makubwa zaidi, yenye mafuta, mara nyingi ya rangi ya manjano kidogo, nayo huweza kuonekana hata katika nyusi, kando ya pua na nyuma ya masikio. Mwenye ukavu wa kiangazi akijipaka dawa ikaushayo, ajiongezea shida. Yeye ahitaji shampuu ya upole na mafuta kidogo. Nasema kidogo, maana mwenye mba akijimwagia mafuta mengi kichwani ili kuzima muwasho, ailisha ile kuvu. Katika maabara huikuza kwa mafuta ya mzeituni.

Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu ni kofia ya yule mtoto.

Nilimwomba mama amvue. Mtoto alishika kofia kwa mikono miwili, akatazama huku na huku kama kuna wenzake. Nikamsogeza nyuma ya ukuta, ndipo akakubali. Juu ya kichwa mlikuwa na mabaka mawili ya mviringo, yenye magamba ya rangi ya majivu, na juu ya mabaka hayo nywele zilikuwa zimekatika sawasawa na ngozi, zikabaki kama nukta nyeusi. Nikamwambia mama: “Mimi si daktari. Lakini kesho asubuhi, kabla ya masomo, tuonane kwenye kituo cha afya.”

Muuguzi hakuhitaji muda mrefu. Alisema ni mapunye, ambayo Kifaransa huiita teigne.

Wazazi na yafaa waelewe tofauti hii, maana hapo ndipo chupa ya mba inapoweza kuleta hasara ya kweli. Tumesema kuvu ya mba hula mafuta ya ngozi. Basi mtoto wa miaka mitano, saba au tisa ana mafuta machache sana kichwani. Mafuta huanza kuongezeka anapokaribia kubalehe. Kwa hiyo mba kwa mtoto wa shule ya msingi ni jambo la nadra. (Watoto wachanga wana magamba yao mengine, manene na ya manjano, hayo hulainishwa kwa mafuta na burashi laini, kisha huisha yenyewe.) Mtoto wa shule akitoa magamba kichwani, hasa nywele zikikatika mahali pamoja, mzazi na awaze mapunye kwanza.

Mapunye nayo yaletwa na kuvu, lakini ya namna nyingine kabisa. Hii hailali juu ya ngozi ikingoja mafuta. Huingia ndani ya unywele wenyewe, hata katika shina lake chini ya ngozi, na povu la shampuu haliwezi kuifuata huko. Waweza kuosha miezi mitatu, kama alivyofanya mama yule, magamba yakapungua kidogo ukafurahi, kumbe ugonjwa waendelea chini. Huhitaji dawa ya kumeza. Inayotumika sana ni griseofulvini, ambayo mtoto huimeza kwa majuma sita au manane, na pengine zaidi, kwa kipimo alichopewa na mganga kufuatana na uzito wake. Nayo huingia mwilini vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, kama vile karanga. Mzazi asiikatishe kwa kuwa ameona nywele mbili tatu zimeota.

Na kuchelewa kuna bei yake. Watoto wengine mapunye yao huvimba, yakawa kivimbe laini chenye maumivu na usaha, na yakipona huacha kovu ambalo juu yake nywele haziota tena. Tena mapunye yaambukiza, tofauti na mba: kwa kitana, kwa kofia, kwa mashine ya kinyozi isiyosafishwa, kwa mto ambao ndugu watatu hulalia. Mtoto mmoja asiyetibiwa huweza kuyapanda katika darasa zima. Nami mwalimu naungama kwamba nilimwona mtoto yule na kofia yake juma baada ya juma, nikamkemea mara mbili aivue darasani, wala sikuuliza kwa nini aipenda hivyo. Baadaye nilisikia jina ambalo wenzake walimpa wakati wa mapumziko. Sitaliandika hapa.

Wapo pia watu wazima ambao magamba yao huja kwa ghafula na kwa wingi, yakafunika nyusi na uso, yasisikie shampuu yoyote. Hao nao wasibadilishe chupa baada ya chupa, bali waende hospitalini, kwa maana huenda ni ugonjwa mwingine wa ngozi, au ni dalili kwamba nguvu za mwili za kujikinga zimepungua, kama inavyotokea kwa mwenye virusi vya UKIMWI ambaye hajaanza dawa.

Na yule mwenye mba kweli? Yeye na aitumie, lakini kama dawa. Aloweshe nywele, apake shampuu juu ya ngozi ya kichwa kuliko juu ya nywele, angoje dakika tatu hata tano, maana dawa inayosuuzwa papo hapo haikupata nafasi ya kufanya kazi. Kisha asuuze kwa maji mengi, akilinda macho. Baada ya majuma machache mba ikiisha, aweza kurudia mara moja kwa juma au kwa majuma mawili ili isirudi. Hapo neno la mama yule kuhusu kinga ni kweli, lakini ni kinga ya mtu aliyekwisha kuugua.

Asome pia kilichoandikwa juu ya chupa. Yenye sulfidi ya seleni yaweza kubadilisha rangi ya nywele zilizotiwa dawa ya rangi, na pete hufaa kuvuliwa kwanza. Zinki pirithioni imekatazwa katika vipodozi vyote vya nchi za Umoja wa Ulaya tangu tarehe 1 Machi 2022, kwa sababu uchunguzi juu ya wanyama ulionyesha kwamba yaweza kudhuru uzazi. Katika nchi nyingine bado yauzwa. Aliyeitumia asifadhaike, lakini mama mjamzito na amwulize mganga kabla ya kuchagua chupa.

Siku ile kwenye kituo cha afya mama alimsikiliza muuguzi hata mwisho, halafu akaitoa chupa katika kikapu na kuiweka juu ya meza. “Nimeinunua kwa franka nyingi,” akasema. “Niitupe?”

“La, mama,” muuguzi akajibu. “Baba aendelee nayo mara moja kwa juma. Mdogo naye aoshwe nayo mara mbili kwa juma muda wote amezapo vidonge. Haitamponya, lakini itapunguza mbegu za kuvu zisiwafikie wengine. Mabinti niletee kesho niwatazame vichwa. Nikikuta ni vizima, wao waiache.”

Mama akaniazima kalamu, akaandika juu ya chupa majina mawili: la mume wake na la mtoto.