Kimya Nacho ni Jibu

Nilikuwa naamini magemu ni ya watoto na wanaume wasio na shughuli. Kisha nikakaa Ijumaa tano mbele ya runinga na mume wangu, tukimwendesha mbwa mwitu mmoja wa hadithini. Tulipomaliza, siri mbili zilikuwa zimetoka ndani ya nyumba yetu.

Mpenzi msomaji, nianze kwa kukiri. Kwa miaka mingi nikimwona mwanaume mzima na ndevu zake anabonyezabonyeza gemu, nilikuwa namhesabu kuwa bado hajakua. Nyumbani kwetu PlayStation ilikuwa ya mpira tu. Wikiendi ni makelele ya "gooo!" sebuleni na mimi jikoni peke yangu nimenuna.

Mwaka jana nyumba ikapoa. Hatugombani, hatutukanani, ila hatuongei. "Umekula?" "Nimekula." "Luku ipo?" "Ipo." Basi, siku imeisha. Wenye ndoa mnaijua hali hii. Ukiulizwa na mashosti kuna nini, unasema hakuna kitu, na kweli hakuna kitu unachoweza kukinyooshea kidole.

Isipokuwa mimi nilikuwa nacho. Siku moja mume wangu yuko bafuni, simu yake iko mezani, ikaingia SMS ya benki. Sikupekua, ilijitokeza yenyewe pale kwenye kioo. Kumbe alikuwa amemdhamini rafiki yake mkopo, rafiki kaingia mitini, na makato sasa yanapitia kwenye mshahara wake. Hela hiyo ndiyo tuliyokuwa tunamalizia kiwanja.

Ningeweza kumwuliza usiku uleule. Sikumwuliza. Nikasema moyoni, acha nimwone atafika wapi. Kila baada ya siku mbili tatu nikawa namtegea: "Baba Junior, mwezi huu kiwanja tunapeleka?" Yeye: "Tutaona." Mimi nikaondoka na jibu langu nikaliweka akibani. Wiki tatu zikapita hivyo.

Aliyetuletea gemu ni mdogo wangu wa kiume, alipokuja kutusalimia. "Shemeji, hii siyo ya mpira," akasema. "Na wewe dada kaa hapa. Hii ni tamthilia, ila maneno unayasema wewe."

Gemu yenyewe inaitwa The Wolf Among Us.

Tamthilia unayoijibu mwenyewe

Ilitengenezwa na Telltale Games, kampuni ya California, Marekani, iliyokuwa imejijengea jina mwaka 2012 kwa gemu ya The Walking Dead. Hii ya mbwa mwitu ina vipindi vitano, vilivyotolewa kimoja kimoja kuanzia Oktoba 2013 hadi Julai 2014. Hadithi imetokana na vitabu vya katuni vya Fables vya Bill Willingham, vilivyoanza kutoka mwaka 2002.

Ni mwaka 1986, jijini New York. Wahusika wa ngano za Ulaya wamekimbia nchi zao na wanaishi uhamishoni katika mtaa mmoja, wamejificha katikati ya watu wa kawaida. Wewe ni Bigby, yule mbwa mwitu mkubwa mbaya aliyewatesa wale nguruwe watatu. Sasa amevaa umbo la mtu, amekuwa sherifu, analinda walewale aliokuwa anawawinda. Na hawajasahau. Colin, mmoja wa wale nguruwe, analala chumbani kwake bila kulipa kodi, kwa hoja kwamba nyumba yake ilipulizwa na nani?

Wenye sura za wanyama wanatakiwa wanunue uchawi wa kuwafanya waonekane binadamu. Uchawi huo ni ghali. Asiyeweza kuununua anapelekwa Shamba, mbali na mji. Kwa hiyo hata huko ngano zilikokimbilia kuna wenye nacho na wasio nacho.

Kuna kupigana, lakini kazi yako kubwa ni kujibu watu. Mtu anakuuliza swali, majibu machache yanatokea chini ya kioo, na mstari wa muda unaanza kufupika. Mara nyingi jibu mojawapo ni nukta tatu tu, maana yake unyamaze. Ukichelewa kubonyeza, gemu inakuhesabu umenyamaza. Kisha pembeni yanatokea maandishi madogo: fulani atalikumbuka hilo. Mwisho wa kila kipindi unaonyeshwa ni asilimia ngapi ya wachezaji waliochagua kama wewe.

Mdogo wangu akatupa masharti: rimoti mnapokezana, na kila Ijumaa kipindi kimoja tu.

(Nitakutolea siri za hadithi hapa chini. Kama unataka kuicheza kwanza, funga ukurasa, tutaonana mwezi ujao.)

Bwana Chura na furaha yangu

Zamu ya kwanza alishika Baba Junior. Bigby anakutana na binti anayeitwa Faith, amepigwa, hana hela. Unaweza kumsaidia kidogo, unaweza usimsaidie. Mume wangu akampa. Usiku haujaisha, kichwa cha Faith kinakutwa kimewekwa ngazini, mlangoni kwa watu.

Baba Junior akaishusha rimoti. "Sasa ile hela imesaidia nini?"

Zamu yangu ilikuja nyumbani kwa Toad, yaani Bwana Chura. Kuna mtu amemvamia, lakini yeye anasema hakuna kilichotokea. Wewe unaangalia damu, unaangalia vitu vilivyopinduliwa, kisha unambana uongo mmoja baada ya mwingine. Jamani, nilikuwa hodari! Kila alipojikanyaga nilibonyeza kitufe kwa raha zangu.

"Mama Junior," mume wangu akasema taratibu, "huyu mtu anaogopa tu. Mbona unafurahia hivyo?"

"Si aseme ukweli?" nikajibu.

Mdogo wangu akatazama dari. Mimi uso ulipata moto, maana nilijua sikuwa namjibu kuhusu chura.

Je, uchaguzi wenyewe ni geresha?

Wachezaji wengi wamezilalamikia gemu za Telltale kwamba uchaguzi wake ni kiini macho. Wana hoja. Ukimpa Faith hela atakufa, usipompa atakufa. Chagua utakavyo, kipindi cha tano yule tajiri anayewakamua wote, The Crooked Man, atakuwa anakusubiri palepale. Hadithi inarudi kwenye njia yake kama daladala.

Lakini kuna kitu hakirudi. Mwishoni mwa kipindi cha kwanza kuna ugomvi baa, na Bigby anamshinda jitu mmoja anayeitwa Gren. Ameshashindwa kabisa. Gemu inakupa nafasi ya kumng'oa mkono au kumwacha. Mimi, kwa hasira tu, nikaung'oa. Katika kipindi cha tatu tukaenda kwenye mazishi ya dada wa mwenye baa, na Gren yupo pale na mkono mmoja. Kung'oa kule hakukuniletea ushindi wowote. Hadithi ingefika palepale bila hivyo. Ila nilishindwa kumtazama.

Hapo ndipo nilipoielewa gemu. Matukio huyachagui. Unachochagua ni utakuwa mtu gani yakitokea, na waliokuwepo watakukumbuka vipi. Nikajiuliza, ndoa si ndiyo hivyo? Kodi itakuja, ugonjwa utakuja, rafiki atakimbia na deni. Hayo hayakuulizi. Kinachobaki mezani ni ulimjibu nini mwenzako wakati mstari wa muda unafupika.

Na kule kusubiri kipindi kipya ni sehemu ya somo. Walioicheza ikitoka walikaa wiki nyingi na walichokifanya kabla hadithi haijaendelea. Sisi tulikaa siku saba, na zilitosha.

Mti wa Greenleaf

Ilikuwa Ijumaa ya tatu. Bigby anamfikia mwanamke mmoja, Auntie Greenleaf, mganga asiye na kibali anayewauzia maskini uchawi wa bei nafuu. Riziki yake yote inatoka kwenye mti mmoja. Snow White, ambaye ndiye anayeshikilia ofisi, anataka mti uchomwe kwa sababu sheria ni sheria. Unaweza kuuchoma. Unaweza pia kumwambia mama huyo aje afanye kazi na waganga wenye kibali.

Zamu yangu. Kichwani nikaona mgambo wanavyopindua mabeseni ya akina mama barabarani. Nikaona pia wanaonunua dawa bandia wakadhurika. Mstari unafupika.

"Choma," nikasema, na nikabonyeza.

Mti ukawaka. Mume wangu akakaa kimya kidogo, kisha akachukua rimoti ya runinga akaizima.

"Ungemsikiliza kwanza," akasema. "Amekosea, sawa. Lakini mtu akishakosea kwako, anaanzia wapi kusema?"

Halafu akaniambia yote. Rafiki waliyekua naye mtaa mmoja. Mtoto wa rafiki alikuwa anaumwa. Alisaini haraka, akidhani ni miezi mitatu tu. Tangu makato yaanze, kila jioni alikuwa anarudi na sentensi ya kwanza mdomoni, akifika mlangoni inamezwa.

Nilipaswa kumshika mkono. Badala yake nikasema, "Najua. Nina wiki tano najua."

Mpenzi msomaji, nilitegemea aone aibu. Kilichonitazama hakikuwa aibu. "Wiki tano," akarudia. "Umekaa unaniangalia nadanganya, na ukawa unaniuliza habari za kiwanja?"

Sikuwa na jibu. Alikosea, tena sana, na hadi leo tunalipa deni la mtu mwingine. Lakini yeye alinyamaza kwa hofu, na mimi nilinyamaza ili nimnase. Usiku ule kila mmoja alilala ameelekea ukuta wake, na sikuwa na uhakika kwamba Ijumaa ya nne itakuwepo.

Utepe shingoni

Ilikuwepo. Yeye ndiye aliyewasha runinga, akasogeza kiti cha pili bila kusema neno.

Katika hadithi hii kuna wanawake waliofungwa utepe wa kichawi shingoni. Wanajua muuaji ni nani, wanatamani kusema, lakini utepe hauruhusu. Kila wakiulizwa wanajibu tu kwamba midomo yao imefungwa. Na utepe ukivuliwa, kichwa kinaanguka. Wote wawili tuliiona maana yake, hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake.

Kipindi cha mwisho unamkamata The Crooked Man. Unaweza kumuua palepale, au umpeleke mbele ya watu wa mtaa ashtakiwe. Baba Junior alitaka amalizwe, mimi nilitaka ashtakiwe. Tukasimamisha gemu, tukabishana karibu nusu saa, kwa sauti, na mikono hewani. Katikati ya ubishi nikagundua kwamba tunaongea. Tulikuwa hatujaongea hivyo kwa miezi.

Tulimpeleka akashtakiwe. Na pale mbele ya watu, yale uliyoyafanya tangu mwanzo yanakurudia: jinsi ulivyomtendea huyu, ulivyomkaripia yule. Kama mtaa mzima ulikuwa unaandika.

Mkitaka kujaribu

Siku hizi vipindi vyote vitano vinauzwa kwa pamoja. Telltale yenyewe ilifukuza karibu wafanyakazi wake wote Septemba 2018, na jina lake likanunuliwa na wengine mwaka 2019. Machache tuliyojifunza:

*Watoto walale kwanza.* Hii ni ya watu wazima. Kuna damu, kuna matusi.

*Msiumalize mfululizo.* Utamu uko kwenye zile siku saba za kuwaza.

*Usimcheke mwenzako kwa alichochagua.* Mwulize kwa nini, kisha nyamaza usikilize jibu.

*Mkiipenda, jaribuni Life is Strange.* Ni ya Wafaransa wa Dontnod, ina vipindi vitano pia, vya mwaka 2015. Max, msichana wa miaka 18, anaweza kurudisha muda nyuma na kufuta alichosema. Raha, siyo? Lakini katika kipindi cha pili rafiki yake Kate anapanda juu ya paa akitaka kujirusha, na hapo uwezo wa Max unaisha. Kinachoweza kumwokoa Kate ni kama ulimsikiliza siku zote zilizopita. Kama wewe au mwenzako mmewahi kupitia jambo kama hilo, mjue kabla hamjaanza.

Siwaambii gemu inaponya ndoa. Kiwanja chetu bado hakijaisha, na makato bado yapo. Ila tumebaki na utani mmoja. Mtu akisahau mkate, mwingine anasema kwa sauti nzito ya gemu: "Mama Junior atalikumbuka hilo."

Mwezi uliopita simu ya mume wangu iliita tukiwa tunakula. Alikuwa mwenzake wa kazini, anatafuta mdhamini. Nikaangalia sahani yangu. Nikasikia Baba Junior anasema, "Ngoja kwanza niongee na mke wangu." Akaiweka simu mezani, kioo kikiangalia juu.