Mynah Birds: Bendi iliyozimwa na siri ya mwimbaji wake

Katika historia ya muziki wa roki nchini Kanada, ni nadra kupata bendi iliyokusanya vipawa vikubwa kama Mynah Birds ya jijini Toronto. Hata hivyo, ilisambaratika mwaka 1966 kabla ya umma kusikia kazi yake bora. Haikuvunjwa na uhaba wa vipaji wala wa fedha. Kilichoiangamiza ni siri ya mwimbaji wake mkuu, aliyekuwa mtoro wa jeshi la Marekani.

Mwimbaji huyo ni James Ambrose Johnson, aliyezaliwa mwaka 1948 mjini Buffalo, jimbo la New York, na ambaye ulimwengu ulikuja kumfahamu kwa jina Rick James. Akiwa angali barobaro, alijiandikisha katika kikosi cha akiba cha jeshi la wanamaji, akitumai kwamba hatua hiyo ingemwepusha na kuitwa vitani kwa lazima.

Askari wa akiba walitakiwa kuhudhuria mazoezi mara kwa mara, na aliyekosa angeweza kuitwa katika utumishi kamili. Johnson, aliyependa muziki kuliko gwaride, alikosa mara nyingi. Alipoamriwa kuripoti kazini, wakati Marekani ikizidi kujitosa katika vita vya Vietnam, alivuka mpaka mwaka 1964 na kutorokea Toronto. Huko alijiita Ricky James Matthews ili asitambulike.

Mtaa wa Yorkville jijini humo ulikuwa kitovu cha vijana wapenda muziki. Mojawapo ya mikahawa yake iliitwa Mynah Bird, jina la ndege wa jamii ya kwezi anayesifika kwa kuiga sauti za binadamu. Mwenye mkahawa huo, Colin Kerr, aliifadhili bendi ya kijana huyo, akaipa jina la biashara yake na kuwavisha wanamuziki nguo nyeusi na manjano mfano wa ndege mwenyewe. Santuri yao ya kwanza ilitolewa mwaka 1965, lakini haikuvuma.

Mambo yalibadilika walipopata mfadhili mpya, John Craig Eaton, wa ukoo uliomiliki maduka makubwa ya Eaton. Fedha zake ziliwapatia ala za kisasa. Wakati huo gitaa la besi lilikuwa mikononi mwa Bruce Palmer, naye Palmer ndiye aliyemwalika Neil Young, mpiga gitaa aliyekuwa akihangaika kutafuta riziki mjini.

Mapema mwaka 1966, bendi hiyo ilisafiri hadi Detroit, Marekani, na kutia saini mkataba na Motown, kampuni iliyoanzishwa na Berry Gordy mwaka 1959 na iliyokuwa nyumba ya Supremes, Temptations na Stevie Wonder. Kundi la vijana weupe wakiongozwa na mwimbaji mweusi lilikuwa jambo geni enzi hizo. Walirekodi nyimbo kadhaa, na santuri ya kwanza ikaratibiwa kutolewa.

Hapo ndipo siri ilipofichuka. Inasimuliwa kwamba James alizozana na meneja wa bendi kuhusu malipo ya awali waliyopewa na kampuni, na meneja huyo akaieleza Motown kwamba mwimbaji wao alikuwa akisakwa na jeshi. Njia ya mwongo ni fupi. Kampuni ilimtaka James ajisalimishe kwanza, naye akafanya hivyo na kutiwa kizuizini. Santuri ikasimamishwa.

Bila mwimbaji, mkataba haukuwa na maana tena. Young na Palmer waliuza ala za bendi, wakanunua gari kuukuu la kubebea maiti na kuliendesha hadi Los Angeles. Mwezi Aprili mwaka huo, wakiwa katika msongamano wa magari, gari hilo lisilo la kawaida lilitambuliwa na Stephen Stills, aliyekuwa amekutana na Young nchini Kanada mwaka uliotangulia. Mkutano huo ulizaa Buffalo Springfield, bendi iliyovuma kabla nayo kuvunjika mwaka 1968.

Wengine waliowahi kupitia Mynah Birds, Goldy McJohn na Nick St. Nicholas, walipata umaarufu katika Steppenwolf. James mwenyewe alirejea Motown miaka ya sabini, safari hii kwa jina lake la usanii, na mwaka 1981 wimbo wake “Super Freak” ukatikisa dunia.

Nyimbo za Detroit zilikaa kabatini kwa miaka 40. Motown ilipotoa rasmi mbili kati yake mwaka 2006, James na Palmer hawakuwapo kuzisikiliza: wote wawili walifariki mwaka 2004, wa kwanza Agosti na wa pili Oktoba.