Kuwaandaa Viongozi wa Kesho katika Utumishi wa Umma: Funzo la Thika na Ruiru

Sensa ya mwaka 2019 iliuhesabu mji wa Ruiru kuwa na wakazi zaidi ya 490,000, takriban maradufu ya idadi ya miaka kumi iliyotangulia, huku Thika, mji mkongwe wa viwanda, ukiwa na zaidi ya 250,000. Ongezeko hilo limezidisha mahitaji ya maji, barabara, uzoaji wa taka na ukaguzi wa majengo, na kwa sababu hiyo suala la nani atakayeziongoza ofisi za umma siku zijazo linamhusu kila mkazi anayezitegemea.

Msingi wa jambo hili umewekwa na Katiba ya Kenya ya 2010, ambayo katika kifungu cha 232 inaagiza kwamba watu wapewe nafasi sawa za kuajiriwa, kupata mafunzo na kupandishwa vyeo, wanawake kwa wanaume, watu wa jamii zote na wenye ulemavu. Katika Kaunti ya Kiambu, iliyo na miji hiyo miwili, uajiri ni jukumu la Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, chombo kilichotokana na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012.

Kwa kuwa watumishi wengi wa umma hustaafu wakiwa na umri wa miaka 60, nafasi nyingi za juu huweza kujulikana mapema kuwa zitabaki wazi, na hapo ndipo unapohitajika mpango wa urithishaji wa madaraka, yaani utaratibu wa kuwatambua na kuwakuza maafisa wanaoweza kushika nafasi hizo kabla wanaozishika sasa hawajaondoka. Mpango huo ukikosekana, ofisi huangukia mikononi mwa kaimu, afisa anayeshikilia cheo kwa muda. Na ingawa Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inaweka ukomo wa miezi sita wa kukaimu, ukomo huo hauwezi peke yake kumzalisha mrithi aliyeiva.

Vyuo vya kuwaandaa maafisa vipo tangu zamani. Taasisi ya Utawala ya Kenya ilianzishwa huko Kabete mwaka 1961, nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru na kuhitaji Waafrika wa kushika nyadhifa za utawala, na ndiyo iliyorithiwa na Chuo cha Serikali cha Kenya kupitia sheria ya 2012. Ruiru nako kuna chuo cha mafunzo cha Idara ya Magereza, ambako makurutu hufunzwa kazi na maafisa waliokwisha kuajiriwa huongezewa ujuzi.

Hata hivyo, darasa hutoa maarifa, lakini uamuzi mwema hukomaa kazini. Mhandisi kijana anayehamishwa kutoka idara ya barabara hadi ya mipango ya mji, akakabidhiwa bajeti ndogo chini ya uangalizi wa mkubwa wake na kuwajibishwa kwa matokeo, hujifunza mambo ambayo cheti hakiyathibitishi. Mkubwa huyo naye hana budi kuuhesabu ulezi wa kikazi, yaani kumwongoza mdogo wake kwa ushauri na mfano, kuwa sehemu ya kazi yake. Vigezo vya kuwateua wanaokuzwa vikitangazwa wazi, watumishi wataamini kuwa bidii ndiyo inayowapandisha, wala si ukoo au urafiki, na miji inayokua kwa kasi kama Ruiru itapata viongozi wanaoijua kazi tangu siku ya kwanza.